Sifa Iliyogawanyika ya Martin Johnson: Filamu, Majina na Lugha za Afrika ya Mashariki

1. Utangulizi

Martin Johnson, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1884 na kufariki mwaka 1937, alikuwa katika zama zake mmoja wa watengenezaji filamu waliojulikana mno nchini mwake. Yeye na mkewe Osa walitumia miaka mingi katika Afrika ya Mashariki, hasa Kenya ya kaskazini, na filamu walizozileta kutoka huku zilijaza majumba ya sinema ya Marekani. Leo ni wachache wanaolikumbuka jina lake, na hao wachache wamegawanyika: wengine wanamwita mhifadhi wa kumbukumbu adimu, wengine wanamwita mghushi na mdhihaki wa Waafrika.

Makala haya hayakusudii kukata shauri hilo kwa niaba ya wanahistoria wa sinema. Yanakusudia kuonyesha kwamba pande zote mbili zimemhukumu Johnson kwa picha zake, ilhali kazi yake ilijengwa pia kwa maneno: majina ya filamu, majina ya mahali, maandishi ya kwenye kiwambo, na baadaye sauti za watu. Hapo ndipo mwanaisimu anapopata la kusema.

Kwa mkazi wa Karurumo, huko Runyenjes katika miteremko ya kusini-mashariki ya Mlima Kenya, jambo hili si la mbali. Njia ya akina Johnson kwenda Marsabit ilipita Meru na Isiolo. Mlima anaouona kila kunapokucha ni miongoni mwa vitu walivyovipiga picha kutoka angani miaka ya 1930. Hata hivyo, mtu akitafuta sauti ya watu wa mlima huo katika simulizi za Johnson, ataambulia kidogo sana.

2. Kupanda na kushuka kwa jina

Johnson hakuanza kama msanii wa sinema. Mwaka 1907 alijiunga na mwandishi Jack London katika safari ya chombo kiitwacho Snark kuvuka Bahari ya Pasifiki, naye alikuwa mpishi. Mwaka 1910 alimwoa Osa Leighty wa Chanute, Kansas. Walizunguka wakionyesha picha za visiwa vya Pasifiki, kisha wakageukia filamu. Walifika Kenya mara ya kwanza mwaka 1921, na filamu yao ya kwanza ya Afrika ilionyeshwa Marekani mwaka 1923.

Mafanikio hayo yaliwapatia wafadhili wakubwa. Jumba la Makumbusho ya Elimu ya Viumbe la New York liliwaunga mkono; rais wake, Henry Fairfield Osborn, alizisifu filamu zao hadharani. George Eastman, mwanzilishi wa kampuni ya Kodak, alitia fedha katika shughuli yao, na mwaka 1926 akaja mwenyewe Kenya kuwatembelea. Tangu mwaka 1924 hadi 1927 akina Johnson walikaa Marsabit, kando ya ziwa lililomo ndani ya kreta, wakipiga picha za ndovu, vifaru na wanyama wengine waliokuja kunywa maji. Matunda ya miaka hiyo yalikuwa filamu iitwayo Simba, iliyotolewa mwaka 1928.

Baadaye walikwenda Kongo, katika msitu wa Ituri na nchi ya sokwe wakubwa wa milimani, wakiwa na vyombo vya kunasa sauti. Filamu ya Congorilla ilionyeshwa mwaka 1932, ikitangazwa kuwa filamu ya kwanza ya sauti iliyotengenezwa Afrika. Kati ya mwaka 1933 na 1934 walirudi na ndege mbili zilizoweza kutua majini, moja ikiwa imepakwa milia ya pundamilia na nyingine mabaka ya twiga. Matokeo yake yalikuwa Baboona, ya mwaka 1935. Kutoka hapo walikwenda Borneo. Januari 1937, ndege ya abiria aliyopanda Johnson ilianguka California, naye akafa kwa majeraha siku iliyofuata.

Kifo hicho hakikulizima jina mara moja. Kitabu cha Osa, I Married Adventure, kiliuzwa mno mwaka 1940, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 picha zao za zamani zilionyeshwa katika televisheni. Osa alifariki mwaka 1953. Mwaka 1961 jumba la makumbusho lilifunguliwa Chanute kwa heshima yao. Hata hivyo, ulimwengu uliowatukuza ulikuwa unapita. Kenya ilipata uhuru mwaka 1963, watalii waliweza kuja na kamera zao wenyewe, na filamu za rangi zilizifanya zile za Johnson zionekane kama vitu vya kale.

3. Hukumu mbili

Wanaomtetea Johnson hawakosi hoja. Alipiga picha za makundi makubwa ya wanyama kabla ujangili na kupanuka kwa mashamba havijayapunguza. Alidumu mahali pamoja kwa miaka, jambo ambalo wapiga picha wengi wa wakati wake hawakulifanya. Pascal na Eleanor Imperato, waliochapisha wasifu wa mume na mke hao mwaka 1992, wameonyesha ukubwa wa bidii hiyo bila kuficha kasoro zake.

Wanaomshutumu nao wana ushahidi. Katika Simba, vipande vilivyopigwa siku mbalimbali na mahali mbalimbali viliungwa ili vionekane kuwa tukio moja. Mnyama anaonekana akishambulia, kisha Osa anaonekana na bunduki, na mtazamaji anaachiwa kuunganisha mambo mawili ambayo pengine hayakukutana. Katika Congorilla, mtu wa msituni anapewa sigara kubwa ya Kizungu aivute ili watazamaji wacheke, na muziki wa jazi unapigwa katikati ya msitu kwa ajili hiyo hiyo. Gregg Mitman, katika uchunguzi wake wa mwaka 1999 juu ya filamu za wanyamapori za Marekani, amewaweka akina Johnson mahali wanapostahili: katikati ya mvutano wa elimu na biashara, ambapo mara nyingi biashara ndiyo iliyoshinda.

Hukumu zote mbili ni za haki kwa kadiri yake. Lakini zina upungufu mmoja. Ya kwanza inauliza kama mnyama ni wa kweli. Ya pili inauliza kama tukio ni la kweli. Hakuna inayouliza watu walioonekana waliitwa nani, walisema nini, na kwa lugha gani.

4. Ushahidi wa maneno

Tuanze na majina ya filamu na vitabu vyenyewe. Mwaka 1928 Johnson alitoa filamu iitwayo Simba na kitabu kiitwacho Safari. Yote mawili ni maneno ya Kiswahili. Neno safari lilikuwa limekwisha kuingia katika Kiingereza tangu karne ya 19, na uwindaji wa Theodore Roosevelt katika miaka ya 1909 na 1910 ulilieneza zaidi. Johnson alikuta njia imefyekwa, naye akaipanua. Lakini neno lilipovuka bahari lilibanwa. Katika Kiswahili, mama anayetoka Karurumo kwenda Embu kumtazama mgonjwa yuko safarini sawasawa na mfanyabiashara aendaye Mombasa. Katika Kiingereza cha filamu hizo, safari ilibaki kuwa mwendo wa mgeni mwenye bunduki au kamera, na mwenyeji akawa mpagazi ndani ya neno lake mwenyewe.

Neno simba lilipatwa na makubwa zaidi. Mwaka 1928 lilikuwa jina la mnyama wa kutisha na kupendeza. Mwaka 1955 filamu nyingine iitwayo Simba, iliyoongozwa na Brian Desmond Hurst, ilitolewa Uingereza. Habari zake zilihusu Mau Mau, wakati ambapo Embu na Meru zilikuwa chini ya Hali ya Hatari. Sasa neno lile lile lilitumika kuwatia watazamaji hofu ya watu. Si Johnson aliyeitengeneza filamu hiyo ya pili. Lakini yeye alikuwa miongoni mwa waliowazoeza watazamaji wa nje kulisikia neno la Kiswahili kama mlio wa nyika, si kama sehemu ya usemi wa binadamu.

Majina mengine mawili yanathibitisha jambo hili. Baboona si neno la Kiswahili wala la lugha yoyote ya huku: ni neno la Kiingereza baboon lililotiwa irabu mwishoni ili lifanane na usemi wa Kiafrika, ilhali Kiswahili kina nyani tangu zamani. Congorilla ni Kongo na gorilla vilivyogandamanishwa, hata nchi na mnyama vikawa kitu kimoja. Ukiyapanga majina haya kwa miaka, utaona hatua: kwanza neno linaazimwa, kisha linabanwa maana, hatimaye linabuniwa tu.

Linganisha na yaliyokuwa yakitendeka huku. Mwaka 1928, mwaka ule ule wa Simba, mkutano wa Mombasa ulikubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1930, Johnson alipokuwa akipiga picha za Congorilla, Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki ilianzishwa. Wakati wataalamu walipokuwa wakibishana juu ya tahajia na msamiati, sinema ilikuwa ikilisambaza neno moja moja la lugha hiyo kwa umati mkubwa ambao haukupata kumsikia msemaji wake.

Majina ya mahali yalipatwa na hali hiyo hiyo. Ziwa la Marsabit, ambalo akina Johnson walililetea sifa kwa jina la Paradise, lilisimuliwa na wao kama mahali palipopotea duniani. Waborana wanaiita kreta hiyo Gof Sokorte Guda. Gof ni kreta, na guda ni kubwa. Waborana, Warendille, Wagabra na Wasamburu walikuwa wakiufuata mlima huo kwa ajili ya maji na malisho. Arthur Donaldson Smith, Mmarekani mwingine, alifika Marsabit mwaka 1895, na serikali ya kikoloni ilikuwa na kituo huko kabla ya Johnson. Kilichogunduliwa mwaka 1921 hakikuwa ziwa. Kilikuwa ni jina la kuuzia ziwa.

Na watu je? Mjuzi wa nyayo za ndovu aliyewaongoza Marsabit anatajwa katika vitabu vyao kwa jina la Boculy, tahajia ya sikio la Kimarekani. Huyo ana bahati: wengi hawakupata hata tahajia. Watu wa Ituri nao waliitwa pigmi wote kwa jumla. Lakini Waefe wanasema lugha ya jamii ya Kilese, Waasua wanasema lugha iliyo karibu na Kimangbetu, na wengine wanasema Kibila, ambacho ni cha Kibantu. Hatuna haki ya kujivuna hapa. Kiswahili nacho kina neno mbilikimo, ambalo limewafunika watu hao hao kwa kimo chao bila kuuliza lugha yao.

5. Sauti zilizobaki

Hata hivyo, kutupilia mbali kazi ya Johnson kungekuwa hasara, na sababu yake si wanyama peke yao. Simba ilikuwa filamu ya enzi ya picha zisizosema. Maneno yote yaliyomo ni maandishi ya Kiingereza, mengi yenye mzaha juu ya watu wasioweza kujibu. Congorilla ni tofauti. Johnson alibeba mashine za sauti kwa ajili ya biashara, lakini mashine haikuchagua kama yeye alivyochagua. Ilinasa nyimbo na semi za watu wa miaka ya mwanzo ya 1930, na maelezo ya dhihaka yaliyowekwa juu yake hayakuzifuta zote.

Kwa mwanaisimu, hiyo ni hazina. Rekodi za sauti za lugha za Ituri za miaka hiyo ni chache. Hata palipo na dakika moja tu ya wimbo unaosikika vizuri, pana ushahidi wa matamshi, wa vina na wa mpangilio wa kupokezana sauti. Kazi hii haiwezi kufanywa na mtu aliye mbali, mwenye kamusi peke yake. Yahitaji wasemaji wa Kibila, Kilese na Kiasua waketi mbele ya filamu, waseme hiki ni nini na kile ni cha nani. Kwa picha za Kenya, yahitaji wazee wa Marsabit, Isiolo, Meru na Embu waliosikia habari za misafara hiyo kutoka kwa baba zao, watambue vazi, wimbo au mahali. Kila mwaka unaopita unapunguza idadi ya wawezao kutambua.

6. Hitimisho

Tumeona kwamba sifa ya Martin Johnson imegawanyika kati ya wanaomsifu kwa ukweli wa wanyama na wanaomlaumu kwa uwongo wa matukio. Mgawanyiko huo hautaisha kwa kutazama tena picha zile zile. Maneno yanatoa hukumu iliyo wazi zaidi: alichukua maneno na kuwaacha wenyewe, akayapa mahali majina mapya, na akawafanya watu mandhari ya wanyama. Hilo ni kosa, na ukubwa wa bidii yake hauliondoi. Lakini katika filamu moja angalau, watu hao walisema na sauti yao ikabaki.

Hata mlima ulio juu ya Karurumo una funzo hilo. Wameru wanauita Kirimara, Wakikuyu Kirinyaga, na Wakamba Kiinyaa, jina ambalo Ludwig Krapf alilisikia mwaka 1849 na ambalo hatimaye lilikuja kuwa jina la nchi nzima. Kutoka katika ndege ya mwaka 1933 kilionekana kilele kimoja chenye theluji. Majina hayo yote yalikuwa chini, vinywani mwa watu. Idara zetu za lugha zina wajibu wa kupata nakala za filamu hizi, kuzipeleka kwa wanaozihusu, na kuandika yatakayosemwa, pamoja na jina la kila asemaye.