Mkebe uliopita tarehe: ule au utupe? Historia ya miaka 200 inatoa jibu

Mkebe wa sardini umebaki chini ya mfuko tangu siku familia ilipokimbia. Leo mama anautoa, anasoma tarehe: imepita miezi mitatu. Baba anasema utupwe, ni sumu. Mama anatazama watoto ambao tangu jana hawajakula kitu. Mabishano haya yanajulikana katika familia nyingi za wakimbizi wa vita, na pia katika nyumba zilizowapokea. Ili kuyajibu, inafaa kujua mkebe ulitoka wapi.

Chakula cha mkebe chenyewe ni mtoto wa vita. Wakati wa Napoléon, jeshi la Ufaransa lilitafuta chakula kisichooza njiani. Nicolas Appert, mtengenezaji wa peremende, alitia nyama na mboga ndani ya chupa, akaziziba vizuri, kisha akazichemsha katika maji kwa muda mrefu. Mwaka 1810 serikali ilimpa faranga 12,000 kwa sharti kwamba aandike siri yake ili wote waijue. Mwaka huohuo, Mwingereza Peter Durand alipata hati ya kutumia vyombo vya bati, na mwaka 1813 kiwanda cha Bryan Donkin mjini London kilianza kulisha wanamaji.

Kumbe bati peke yake halitoshi. Mwaka 1852, wakaguzi wa jeshi la majini la Uingereza walifungua mikebe 306 ya nyama iliyoletwa na mfanyabiashara mmoja, Stephan Goldner. Iliyofaa kuliwa ilikuwa 42 tu. Mikebe ilikuwa mikubwa mno na joto halikufika katikati. Nyama hiyo iliharibiwa na upishi mbaya.

Hatari kubwa zaidi ilijulikana Ubelgiji. Mwezi wa 12 mwaka 1895, katika kijiji cha Ellezelles, wapiga muziki 34 walikula paja la nguruwe lililohifadhiwa katika maji ya chumvi, baada ya kupiga muziki kwenye mazishi. Wengi waliugua: macho yaliona viwili viwili, koo lilishindwa kumeza. Watatu walikufa. Profesa Émile van Ermengem alichunguza nyama ile na kugundua kijidudu kinachoishi mahali pasipo hewa na kutoa sumu kali sana. Ugonjwa huo unaitwa botulizimu. Na ndani ya mkebe uliofungwa hakuna hewa.

Miaka ya 1919 na 1920, zeituni zilizofungwa katika viwanda vya California ziliua watu katika majimbo kadhaa ya Marekani. Ndipo wataalamu walipopima joto linaloua kijidudu hicho hadi mbegu zake: nyuzi 121 kwa muda wa dakika 3, na joto hilo lifike katikati ya mkebe. Viwanda vya leo vinafuata kipimo hicho kwa samaki, nyama na maharagwe.

Mkebe uliopikwa vizuri na usiotoboka hudumu miaka mingapi basi? Mwaka 1865 meli iliyoitwa Bertrand ilizama katika mto Missouri, Marekani. Mizigo yake ilifukuliwa karne moja baadaye, na mwaka 1974 wanakemia walipima vyakula vyake, pamoja na nyanya na chaza. Hawakukuta vijidudu vilivyokua ndani. Harufu nzuri na sura vilikuwa vimepotea, vitamini C pia, lakini chakula hakikuwa kimeoza.

Kwa hiyo, tarehe inasema nini? Mikebe mingi inayouzwa Congo imeandikwa kwa Kifaransa: « À consommer de préférence avant ». Maana yake ni kwamba kabla ya siku hiyo kiwanda kinaahidi ladha na ubora. Baada yake, chakula hakigeuki sumu usiku mmoja. Maneno « À consommer jusqu'au » ni mengine: hayo ni mwisho kweli, na huandikwa kwenye vyakula vinavyooza upesi. Maziwa ya unga ya watoto wachanga nayo yasipewe mtoto baada ya tarehe, hata siku moja. Na nyanya ya mkebe, kwa sababu ya uchachu wake, hula bati mapema kuliko sardini au maharagwe.

Lakini tarehe haijui safari ya mkebe: mvua, jua kali juu ya hema, kuanguka kutoka kwenye lori. Ndiyo sababu mkebe wenyewe lazima uchunguzwe, hata kama tarehe haijafika. Ukivimba, ukivuja, ukiwa na kutu iliyochimba bati, au umebonyea kwenye mshono wa juu au wa ubavuni, utupwe. Ukifunguliwa ukarusha maji au povu, au ukatoa harufu mbaya, utupwe mbali na watoto na mifugo. Asiwepo wa kuonja kidogo ili ajaribu: sumu ya botulizimu inaweza kukosa harufu na ladha, na kiasi kidogo kinaua.

Mtu akianza kuona viwili viwili, kope zikilegea, au akishindwa kumeza au kusema vizuri baada ya kula, apelekwe kituo cha afya mara moja, bila kungoja kesho. Kinachobaki cha chakula hicho kifungwe na kipelekwe pamoja naye.

Mkebe wa yule mama haujavimba, hauna kutu, mshono wake uko sawa, na umelala kivulini. Watoto wake wanaweza kula. Lakini kama kifuniko kingekuwa kimeinuka hata kidogo, baba ndiye angekuwa na haki, hata kama tarehe ingekuwa ya mwaka ujao.