Kununua mtumbwi wa tanga uliokwisha kutumika: mambo ya kuangalia kabla ya kutoa pesa

Watu wengi wanaoanza kazi ya ziwa Tanganyika hawana pesa ya kutengenezesha chombo kipya. Mbao ni bei, misumari ni bei, na fundi naye anataka alipwe. Kwa hiyo mtu anatafuta mtumbwi ambao mwingine alikwisha kuutumia. Si vibaya. Kuna mitumbwi mizee ambayo bado ni mizima kabisa. Lakini kuna mingine iliyopakwa rangi tu, na chini ya rangi kuna kifo.

Mjomba wangu alinunua mmoja wa namna hiyo. Ulikuwa unang'aa. Usiku wa tatu, akiwa kwenye maji na mwenzake, ubao mmoja wa chini uliachia. Walichota maji kwa ndoo mpaka asubuhi. Walirudi wazima, lakini nyavu na pesa vilipotea. Ndiyo sababu tumeuliza mafundi na wavuvi wa mwaloni watuambie mtu anayeanza aangalie nini.

Anza na kazi, siyo na chombo

Jiulize kwanza: nataka mtumbwi wa nini? Kuvua karibu na kando, kubeba mizigo ya soko kutoka kijiji kimoja hadi kingine, au kuvuka mbali? Ziwa Tanganyika lina urefu wa karibu kilomita 670, na mahali penye kina kirefu linafika karibu metre 1.470. Si ziwa la kujifunzia na chombo kikubwa. Kwa anayeanza, mtumbwi wa metre tano au sita unatosha: watu wawili wanaweza kuuvuta mchangani, na mtu mmoja anaweza kushusha tanga bila msaada. Kama tanga ni kubwa mpaka unahitaji watu watatu, hiyo si ya kwako kwa sasa.

Angalia mbao ukiwa nchi kavu

Usikubali kuuona mtumbwi ukiwa ndani ya maji tu. Omba uvutwe juu na upinduliwe. Halafu chukua kisu kidogo. Sukuma ncha yake polepole kwenye mbao za chini, karibu na ule mti mkubwa unaoshikilia chombo chote, ambao mafundi wanauita mkuku. Fanya vilevile pale viti vinapokutana na mbavu, juu maji ya mvua hukaa pale. Mbao nzima inakataa kisu. Iliyooza inakipokea kama muhogo uliopikwa.

Gonga na ngumi pia. Sauti kavu ni nzuri, sauti ya chini iliyolegea si nzuri. Ukiona alama za rangi ya kahawia kuzunguka misumari, ujue misumari inaliwa na kutu. Ukiona kipande cha bati kimepigiliwa, uliza kinaficha nini, na uombe kifunguliwe. Simama nyuma ya mtumbwi, funga jicho moja, uangalie kama umenyooka. Uliopinda utakuvuta upande mmoja siku zote.

Rangi mbichi si sababu ya kukataa, lakini ni sababu ya kuuliza. "Papa, ulipaka lini, na kwa nini?" Mwenye kuuza wa kweli hatakasirika.

Jambo moja linawadanganya wanaoanza. Mtumbwi uliokaa muda mrefu kwenye jua utavuja ukiingizwa majini, hata kama ni mzima, kwa kuwa mbao zilikauka na zikaachana. Baada ya siku moja au mbili mbao zinavimba na nafasi zinajifunga. Kama baada ya hapo maji bado yanaingia, pamba na lami vya kati ya mbao vimechoka, au kuna ubao uliopasuka. Tangu maji ya ziwa yalipopanda sana mwaka 2021, na tena 2024, uliza pia kama chombo kiliwahi kukaa chini ya maji au ndani ya matope, na kwa muda gani.

Tanga, mlingoti na kamba

Mlingoti huanza kuoza pale chini unapoingia. Utoe, uangalie mguu wake. Tanga livute kwa vidole vyote viwili: kitambaa au hema lililoliwa na jua linapasuka kama karatasi. Kamba zipitishe mkononi zote, kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Halafu jaribu kushusha tanga mara tatu, haraka. Likikwama hata mara moja, lazima litengenezwe kabla ya safari. Na ukiwa safarini, ile kamba ya kuongoza tanga usiifunge kwenye mtumbwi. Ishike mkononi. Upepo ukija kwa nguvu unaiachia, na mtumbwi unasimama tena. Ikiwa imefungwa, mtumbwi unapinduka.

Jaribu majini, na mwenyewe awe ndani

Jaribu asubuhi, karibu na kando, na mwenye kuuza akae ndani pamoja na wewe. Akikataa kuingia, umekwisha kupata jibu. Wekeni mifuko ya mchanga yenye uzito sawa na mzigo utakaobeba. Kaeni saa moja, halafu pima maji yaliyoingia.

Kumbuka pia majira. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa, upepo wa kusini unapiga kwa nguvu kwenye Tanganyika. Wakati wa mvua, dhoruba inakuja ghafla. Usijifunze tanga siku hizo.

Karatasi na mashahidi

Mitumbwi inaibiwa. Uliza majirani wa mwaloni na kamati ya wavuvi kama chombo ni cha huyo anayekuuzia, na kama ndugu zake wanakubali. Andikeni karatasi ya mauzo: majina, tarehe, bei, urefu, rangi na alama za mtumbwi. Mashahidi wawili waweke sahihi, na chefu wa kijiji au wa kartie ajue. Kama una nambari ya usajili, pitia ofisi ya usafiri wa ziwa ya kwenu ili jina libadilishwe.

Usimalize pesa yote

Tuseme uko na dola 600. Tafuta mtumbwi wa dola 400. Zinazobaki ni za pamba, lami, misumari, kamba mpya, kasia la akiba, ndoo, toshi, na jile ya kuokoa maisha kwa kila mtu atakayepanda. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, ikiwa imejaa kupita kiasi, na makumi ya watu walikufa mbele ya macho ya waliokuwa wanawangojea. Boti kubwa au mtumbwi mdogo, ziwa halichagui.

Mwisho, nenda na fundi wa mitumbwi ambaye hana udugu na mwenye kuuza. Mlipe kwa siku yake. Mjomba anasema pesa ya fundi ndiyo aliyoihurumia, na ndiyo iliyomgharimu nyavu zake. Leo bado anavua, na kisu kidogo hakitoki mfukoni mwake.