Fundi bila cheti: jinsi ya kutafuta kazi ya ufundi nchini Australia

Wazungumzaji wengi wa Kiswahili huwasili Australia wakiwa na ufundi mikononi, lakini bila karatasi za kuuthibitisha. Useremala, uashi, umakanika na uchomeleaji mara nyingi hufunzwa kwa kukaa na fundi mkuu, iwe katika gereji ya Bukavu, karakana ya jua kali jijini Nairobi au kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Ujuzi huo haupotei, ila sharti uelezwe na kuthibitishwa kwa namna ambayo mwajiri wa Australia anaielewa.

Leseni na White Card

Hatua ya kwanza ni kujua iwapo kazi inahitaji leseni. Fundi umeme, fundi bomba na fundi wa gesi hawaruhusiwi kufanya kazi peke yao bila leseni ya jimbo husika, hata wakiwa na uzoefu wa miaka 20. Fundi umeme aliyesomea ng'ambo hutathminiwa kwanza. Akikubaliwa, anaweza kupata leseni ya muda na kufanya kazi chini ya uangalizi huku akisoma kanuni za Australia.

Aidha, kila afanyaye kazi katika eneo la ujenzi, awe fundi au kibarua, huhitaji White Card. Kadi hiyo hupatikana baada ya kozi fupi ya usalama na hutambuliwa nchi nzima.

Kuthibitisha ujuzi

Vyuo vya TAFE na vyuo vingine vilivyosajiliwa hutathmini ujuzi uliopatikana kazini, utaratibu unaojulikana kwa kifupi kama RPL. Mwombaji huwasilisha picha za kazi alizofanya, barua za waajiri wa zamani, na vyeti vya VETA ya Tanzania au NITA ya Kenya kama anavyo. Huulizwa maswali, na huweza kutakiwa kuonyesha kazi kwa vitendo. Akionekana kuwa na mapungufu, husomea yale tu yaliyopungua. Kabla ya kulipa ada, ni vyema kuhakikisha kwamba chuo kimo katika orodha ya training.gov.au.

Anayetaka kuanza upya anaweza kuingia katika uanagenzi, ambapo hufanya kazi kwa mshahara huku akisoma. Fani nyingi huchukua takriban miaka 4, na hakuna ukomo wa umri.

Wasifu kazi unaosomwa

Wasifu kazi, yaani CV, huandikwa kwa Kiingereza na usizidi kurasa 2 au 3. Picha, tarehe ya kuzaliwa, dini, kabila na hali ya ndoa, mambo ambayo Afrika Mashariki huandikwa mara kwa mara, hapa huachwa. Mambo haya ndiyo yanayohitajika:

- Jina, simu, barua pepe na mtaa anaoishi mwombaji.
- Leseni, White Card na leseni ya udereva, juu kabisa ya ukurasa wa kwanza.
- Kazi alizofanya, kuanzia ya karibuni zaidi.
- Zana na mashine anazozimudu.
- Majina ya wadhamini 2, waliokubali kwanza kupigiwa simu.

Kosa la kawaida ni kuandika cheo tu. Maneno "fundi seremala, Goma" hayamwambii mwajiri lolote. Ni afadhali kueleza kwamba mwombaji alitengeneza fremu za milango na madirisha, akapaua nyumba za familia, akasoma michoro na kuwasimamia vijana 3. Miaka iliyotumika kambini pia isifichwe: aliyejenga madarasa au kukarabati baiskeli huko alikuwa kazini, na aandike hivyo kwa ukweli.

Kila tangazo la kazi lisomwe kwa makini, na wasifu urekebishwe ili ujuzi uliotajwa humo uonekane mapema. Asiye na mdhamini nchini Australia anaweza kuanza na kazi ya kibarua au ya kujitolea, ili apate msimamizi wa kumshuhudia.

Tahadhari za haki

Mwajiri anaweza kumjaribu mwombaji bila malipo kwa muda mfupi tu, usiozidi zamu moja, chini ya uangalizi, ili aone ujuzi wake. Zaidi ya hapo ni kazi, na hulipwa. Vilevile, anayeambiwa achukue nambari ya biashara, ABN, ilhali anapangiwa saa na kazi kama mwajiriwa, aulize kwanza: akihesabiwa kuwa mtu aliyejiajiri, huenda akakosa likizo yenye malipo na akiba ya uzeeni.

Maswali kuhusu mishahara na haki hujibiwa na Fair Work Ombudsman kwa simu 13 13 94. Anayehitaji mkalimani wa Kiswahili apige kwanza TIS National, 131 450, aombe aunganishwe.