Mpumbu wa Luapula alienda wapi?



Wafadhili wanatuulizaka: watu wa Moero wamerudi toka Zambia, mbona hamwapi nyavu tu wajitafutie? Swali ni la maana. Jibu liko katika historia ya samaki mmoja.

Mpumbu alikaa ziwani Moero. Mvua za kwanza zikinyesha, alipanda mto Luapula kwa makundi makubwa kwenda kutaga. Wazee walimngojea fasi anapopita, na mayai yake yalipendwa sana. Halafu Elisabethville ikazaliwa, mwaka 1910, na Union Minière ikahitaji posho ya wafanyakazi. Wagiriki wakafungua biashara Kasenga: mashua, barafu, makamio ya kupeleka samaki mjini. Pesa ilionekana, nyavu zikaongezeka, na zilitegwa kukata mto wakati ule ule samaki anapanda na mayai tumboni. Hapo ndipo mambo yaliharibika. Angeachwa kwanza azae, pengine tungekuwa naye leo. Mwaka 1950 ulipofika, mpumbu wa kuuza karibu hakuna tena.

Watu wakageukia pale. Nyavu za nailoni zikaja, na kutumpula, ni kusema kupiga maji ili samaki akimbilie wavuni. Miaka ya 1980 ikawa zamu ya chisense, ile dagaa ndogo inayovuliwa usiku kwa taa. Banamama ndio walioishika biashara ile: kuanika, kufunga magunia, kusafirisha. Wengi wetu tulisoma kwa chisense.

Kisha vita. Pweto ilipoangushwa Desemba 2000, tukavuka. Kurudishwa kulianza 2007, na kijana aliyekulia kambini Kala ao Mwange, mbali na ziwa, hakuna mzee aliyemwonyesha fasi samaki anazalia. Njaa ikimbana, anashona vyandarua vya mbu na kukokota vitoto vya pale pembeni ya majani. Simlaumu, ana watoto.

Upande wa Zambia uvuvi unafungwa toka Desemba mpaka mwisho wa Februari. Ziwa ni moja. Tukivua huku miezi ile, tunamaliza mbegu ya pande zote mbili, na wale jirani walitupokea.

Kwa hiyo komite inaomba nyavu za matundu makubwa, lakini pamoja nazo vipando vya mihogo na unga wa kuvusha familia hiyo miezi tatu. Nyavu peke yake tusipokee. Majina ya familia yako kwa sekretari.