Muuguzi Anapomwambia Daktari “Simama”

Ndugu msikilizaji, kinga ni bora kuliko tiba. Methali hiyo tunaijua sote, lakini leo nataka tuulizane: anayeijua kinga akiwa mdogo kwa cheo, na anayeisahau akiwa mkubwa wake, nani amwambie mwenzake?

Mwaka 1929, katika mji wa Eberswalde nchini Ujerumani, daktari kijana aitwaye Werner Forssmann alitaka kuingiza mrija mwembamba kwenye mshipa wa damu hadi moyoni. Mkubwa wake alimkataza. Vifaa vilikuwa vimefungiwa, na ufunguo alikuwa nao muuguzi. Forssmann alimbembeleza mama yule hadi akakubali kufanyiwa jaribio yeye mwenyewe. Akamfunga juu ya meza, kisha kwa hila akajitia mrija huo kwenye mkono wake mwenyewe, kiasi cha sentimita 65, akatembea nao hadi chumba cha eksirei. Mwaka 1956 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na madaktari wengine wawili.

Leo mrija wa namna hiyo huwekwa shingoni, kifuani au kwenye kinena cha mgonjwa mahututi ili kupitisha dawa, na hata chakula. Umeokoa watu wengi. Lakini mlango ukiwa wazi, hauchagui mgeni. Vijidudu kutoka kwenye ngozi, au mikononi mwa mhudumu, hufuata njia hiyo hiyo hadi ndani ya damu. Basi mtu aliyeletwa kwa ajali hufa kwa maradhi aliyoyakuta hospitali.

Kwa miaka mingi madaktari waliona hiyo ni bahati mbaya tu. Mwaka 2001, Dakta Peter Pronovost wa hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani, alikataa. Hakugundua dawa mpya. Alichukua karatasi akaandika mambo matano: nawa mikono; safisha ngozi ya mgonjwa kwa dawa ya klorheksidini; mfunike mgonjwa mwili mzima kwa shuka safi isiyo na vijidudu, nawe uvae kofia, barakoa, joho na glavu; epuka kinena ikiwezekana; na mrija usiohitajika tena, utoe.

Utasema, nani asiyeyajua hayo? Wauguzi walipoombwa kuangalia kwa mwezi mmoja, waliona kwamba kwa zaidi ya theluthi moja ya wagonjwa, daktari aliruka angalau jambo moja. Ndipo uongozi ukatoa amri: muuguzi akiona hatua imerukwa, amsimamishe daktari. Vifaa navyo vikawekwa pamoja kwenye kigari kimoja, asiwepo wa kusingizia kwamba havikuonekana.

Kisha mpango huo ukapelekwa katika jimbo la Michigan. Matokeo kutoka vyumba 103 vya wagonjwa mahututi yalichapishwa Desemba 2006. Kwa kila siku 1,000 za mrija kukaa mwilini, wastani wa maambukizi ulishuka kutoka 7.7 hadi 1.4 katika kipindi cha miezi 16 hadi 18.

Mimi si daktari, kazi yangu ni maikrofoni. Lakini huku studioni, fundi mitambo kijana akiinua mkono, hata mkubwa wetu hunyamaza. Hajavunjiwa heshima, kaokolewa na aibu. Kama sisi twafanya hivyo kwa ajili ya sauti, itakuwaje kwa ajili ya roho ya mtu?

Sabuni inanunuliwa. Kigumu ni kumfanya mkubwa akubali kukumbushwa na mdogo. Mwaka 1929 muuguzi mwenye ufunguo alifungwa mezani. Mwaka 2001 wenzake walipewa neno, na wagonjwa wakapona. Tuwape na wetu neno hilo.

Hadi wiki ijayo, nakutakieni afya njema.