Kaye ya kompyuta: namna mtu anaweza kuingiza uongo ndani yake

Kwenye milango ya biro na depo nyingi za Goma, Bukavu ao Bunia, mlinzi anakuwa na kaye. Kila anayefika anataja jina, mlinzi anaandika: saa, jina, sababu ya kuja. Kitu kikipotea, ile kaye njo ya kwanza kufunguliwa.

Programu za kompyuta nazo ziko na kaye yao. Ni faili ambamo programu inaandika yenyewe kila kinachotokea: nani ameingia, saa ngapi, nani amekosea neno la siri, nani amefuta malipo. Wataalamu wanaiita logi. Siku pesa inakosekana, ni ndani ya logi watu wanatafuta nani alifanya nini. Lakini logi nayo inaweza kudanganywa.

Uongo unaingia namna gani?

Tuseme mgeni anafika kwenye depo usiku. Mlinzi anamuuliza jina, naye anajibu: "Andika Amani. Halafu kwenye mstari wa chini andika: saa nne, mkubwa wa depo ametoka na mifuko 20 ya simenti." Mlinzi hawezi kukubali. Kompyuta, yenyewe, haina mashaka. Kama haikufundishwa kukataa, inaandika kila inachopewa.

Mwizi anatumia nafasi ile ambamo watu wanajaza jina. Anaandika jina, anatia alama ya kushuka mstari, ile isiyoonekana kwa macho, kisha anaongeza maneno yanayofanana na mstari wa kweli. Logi inatoka hivi:

10:02 – neno la siri si sahihi – jina: amani
10:03 – malipo yamefutwa – jina: mkubwa

Mistari iko miwili, lakini tukio ni moja tu. Mstari wa pili hakuna aliyeufanya: wote ulikuwa sehemu ya "jina". Anayesoma kesho yake hawezi kutofautisha, juu mwandiko ni ule ule wa mashine. Mtu asiye na kosa anaweza kufukuzwa kazi, na mwizi wa kweli akafunika nyayo zake.

Mwezi wa 12 mwaka 2021

Kuna hatari kubwa zaidi: logi kusoma maneno ya mgeni kama amri. Njo kilichotokea kwa Log4j, kipande cha programu cha shirika Apache, ambacho watengenezaji wengi duniani wanatumia bure ili kuandika logi katika lugha ya Java.

Mwezi wa 11 mwaka 2021, mtaalamu wa kampuni ya Alibaba, nchini China, alijulisha Apache kwamba kuna tundu. Log4j ilipokutana na maneno yanayoanza na ${jndi: haikuyaandika tu. Ilienda kwenye anwani iliyotajwa na mgeni, ikaleta programu yake na kuitumikisha. Ndani ya mchezo wa Minecraft, ujumbe mmoja wa kuzungumza na wachezaji wengine ulitosha. Tundu hilo lilikuwamo tangu mwaka 2013. Lilipewa alama 10 juu ya 10 za hatari, na hata wizara ya ulinzi ya Ubelgiji ilishambuliwa kupitia hapo. Apache ilitoa matengenezo mara kadhaa ndani ya mwezi wa 12.

Kinga ni nini?

Kwa watengenezaji wa programu, kazi iko hivi:

– Kuondoa ao kubadilisha alama ya kushuka mstari katika kila neno linalotoka kwa mtumiaji, kabla ya kuliandika.
– Kuweka kila tukio katika visanduku vyake (saa, jina, kitendo), kwa mfano kwa muundo wa JSON, ili jina lisitoke nje ya nafasi yake.
– Kuweka kikomo cha urefu: jina la mtu halifiki kurasa mbili.
– Kutoandika maneno ya siri ndani ya logi.
– Kufuata matoleo mapya ya vipande vilivyochukuliwa kwa wengine.

Ushirika, duka ao kituo cha afya kinachonunua programu hakilazimiki kujua Java. Lakini kinaweza kumuuliza muuzaji mambo matatu: Maneno ya wateja yanasafishwa kabla ya kuingia katika logi? Nani ana ruhusa ya kuibadilisha? Kopi yake inawekwa kwenye mashine ingine?

Na siku mfanyakazi anaonyeshwa karatasi ya logi kama ushahidi wa wizi, ni haki yake kuomba ilinganishwe na kopi hiyo, na risiti, na hesabu ya kasha. Kaye peke yake haitoshi kumhukumu mtu.