Koini za Nyanya: Silva Kweli ama Unachezwa? Cheki Hivi Kabla Uuze

Likoni, Kisauni, Changamwe, nyumba za zamani hazikosi mkebe wa koini za kitambo. Na mtaa haukosi msee anapita akisema ananunua "silva". Usipochanuka atakupa soo mbili kwa mkebe mzima, achukue tatu za maana, zingine atupe mbele. Ama wewe ndio unauziwa shaba kwa bei ya silva pale karibu na feri. Zote mbili noma.

Kwanza sahau rangi. Silva iliyokaa huwa nyeusi nyeusi, na shaba iliyochanganywa na nikeli ukiisugua inang'aa kushinda silva yenyewe. Soma mwaka.

Utakayokutana nayo sana ni shilingi ya East Africa, ile ya simba na milima nyuma yake. Za King George wa Tano, 1921 hadi 1925, na za George wa Sita, 1937 hadi 1946, ziko na silva. Lakini tulia: ni asilimia 25 tu. Koini nzima ni gramu 7.8 hivi, so silva ndani haifiki hata gramu mbili. Halafu 1948 hadi 1952 wakaendelea na simba yule yule, mfalme yule yule, saizi ile ile, uzito karibu ule ule, na silva sufuri. Hapo mizani haikusaidii kitu, ni mwaka peke yake. Senti 50 ni hivyo hivyo: kabla ya 1948 robo silva, baada ya hapo, pamoja na zile za Queen Elizabeth, hamna. Zile senti za tundu katikati usijisumbue nazo, hazina hata chembe.

Ukishuka nyuma zaidi mambo yanakuwa mazuri. Senti 25 na 50 za East Africa and Uganda, 1906 hadi 1918, ni asilimia 80. Florini ya 1920 ni nusu kwa nusu. Rupia ya India mpaka 1939 ni karibu asilimia 92, ya 1940 hadi 1945 ni nusu, na ya 1947 ni nikeli tupu. Na kama una rupia ya 1888 iliyoandikwa Mombasa, ile ya kampuni ya Imperial British East Africa, hiyo weka mbali na watoto. Ni silva asilimia 92 hivi, lakini hapo hatuuzi silva tena, tunauza historia.

Kuna pia reale, dude kubwa la mama mnene, Maria Theresa, mwaka 1780. Pwani hii ilitumika sana kwa biashara, na masonara waliyeyusha nyingi kutengeneza bangili na vikuku. Shida ni kwamba mwaka ule ule wa 1780 umeendelea kupigwa mpaka nyakati zetu. Kwa hivyo msee akikuambia "hii ina miaka mia mbili na ushee", mwache aongee, wewe pima. Reale halali ni gramu 28 na kitu, silva asilimia 83, na ubavuni imezungushiwa maandishi ya Kilatini. Silva iliyo ndani yake inatosha shilingi 12 za simba.

Sasa sumaku. Toa ya spika mbovu, ijaribu kwa bob moja ya twiga: inanasa, ni chuma iliyopakwa nikeli. Koini ikinasa, si silva. Lakini isiponasa haijathibitisha chochote, juu shaba na nikeli zikichanganywa vile walifanya 1948 pia hazinasi. Hapa ndipo wengi huchezwa.

Koini za Marekani ambazo mabaharia huacha, tazama ubavu. Robo dola ya 1964 kurudi nyuma ni silva asilimia 90, ubavu mweupe wote. Kuanzia 1965 utaona mstari wa shaba katikati kama sandwichi.

Ukibaki na shaka, peleka kwa sonara aijaribu kwa asidi, kidoneo kimoja ubavuni, wewe ukiwa hapo. Asidi usijaribu nyumbani. Na tafadhali usisugue na majivu wala waya wa sufuria. Wanaokusanya koini huzilipia kidogo zilizokwaruzwa.

Kama ni ya kabla ya 1895, kama hiyo rupia ya Mombasa, sheria ya makumbusho na turathi ya 2006 inaihesabu kitu cha kale, na kuitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Mnunuzi akiwa ng'ambo, pitia Fort Jesus kwanza uwaulize watu wa Makumbusho.